Mdogo wangu, usikimbilie Utumishi kwa sababu ya hesabu

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Umemaliza EGM (uchumi, jiografia na hisabati), hesabu imekuchosha, sasa unataka kusoma Usimamizi wa Rasilimali Watu kwa kuwa ni "kozi ya watu wa kuongea". Halafu mwishoni, kama mtu aliyejishtukia, unauliza kama inawezekana kuisoma pamoja na hisabati. Nakujibu hadharani, maana dirisha la udahili likifunguliwa wenzako wengi wataniuliza hilohilo.

Kuongea kupo: nidhamu, migogoro, usaili. Ila wengi wanaobisha hodi kwa Afisa Utumishi wameshika karatasi yenye tarakimu: malimbikizo, makato, likizo, stahiki za uhamisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yenyewe ina hesabu ndani. Ili upate mshahara wa wiki, unagawanya wa mwezi kwa 4.333, yaani wiki 52 kwa miezi 12 (waulize maofisa hiyo namba imetoka wapi, uone watakavyotazamana). Wa 585,000 kwa wiki ya saa 45 anapata kama 3,000 kwa saa, na saa ya ziada ni mara moja na nusu, 4,500.

Au mtu kapandishwa daraja, kipato chake cha kutozwa kodi kimetoka 990,000 hadi 1,050,000, anakuja amenuna: "Mmeniingiza kwenye asilimia 30, bora mngeniacha." Asilimia 30 inakata kile tu kinachozidi milioni moja. Katika 60,000 iliyoongezeka, kodi inachukua 17,500. Usipomwonyesha hilo kwa kalamu, upole wako haumsaidii kitu.

Lakini shule yenyewe ni kikokotoo, yaani fomula ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Ulikuwa bado msingi mwaka 2018, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, PSPF na LAPF ikiwemo, ilipounganishwa kuwa mmoja, PSSSF, kanuni mpya zikaja na mkupuo (sehemu ya pensheni anayolipwa mstaafu kwa pamoja) wa asilimia 25, na kelele zikawa kubwa hadi Rais Magufuli akazisitisha Desemba. Mitaani watu walibishania asilimia peke yake. Kumbe namba zilizobadilika zilikuwa tatu.

Mchukue mtumishi wa miezi 360, ambaye mshahara wake wa mwaka unaoingia kwenye hesabu ni milioni 12. Kwa fomula ya zamani ya PSPF na LAPF unazidisha hivyo viwili, unagawanya kwa 540: pensheni ya milioni 8 kwa mwaka. Nusu yake mara 15.5, mkupuo ni milioni 62. Fomula iliyoanza Julai 2022 inagawanya kwa 580, inachukua asilimia 33, inazidisha kwa 12.5. Mkupuo: milioni 30.7. Pensheni ya mwezi, ile inayobaki baada ya mkupuo ukiigawanya kwa 12, inapanda hata hivyo kutoka 333,000 hivi hadi 416,000 hivi. Sasa fanya ambacho wengi hawakufanya: gawanya kilichopotea kwenye mkupuo kwa kilichoongezeka kila mwezi. Bila kuhesabu riba wala nyongeza ya pensheni, itamchukua zaidi ya miaka 31 kufidia, na alistaafu akiwa na 60. Mwaka 2024 wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa ikilipa nusu walipandishiwa kutoka asilimia 33 hadi 40. Mtumishi wetu akafika milioni 37.2, na 372,000 kwa mwezi.

Anayekaa mbele yako na miezi miwili ya utumishi iliyobaki hataki semina ya ujasiriamali. Anataka hayo niliyoandika hapo juu, kwa namba zake.

Sasa swali lako. Vyuoni kwetu masomo haya mara nyingi yako idara mbili tofauti, kwa hiyo kuyaunganisha ni kazi yako mwenyewe. Unaweza kwenda Mzumbe kusoma rasilimali watu na kuchukua kila somo la takwimu watakalokuruhusu. Au uanze na hisabati, takwimu, ama sayansi ya aktuaria (hesabu za bima na pensheni), ambayo UDSM ipo, kisha ufanye stashahada ya uzamili ya rasilimali watu baadaye. Mimi, kwa ufaulu wako wa Advance, nakupeleka njia ya pili bila kusita. Sheria za kazi na taratibu za ikama (idadi ya watumishi wanaohitajika) utajifunza ukiwa kazini, tena kwa kulazimika. Sijaona mtu aliyerudi nyumbani saa mbili usiku kutoka ofisini akaanza kujifundisha nadharia ya uwezekano.

Ukiamua vinginevyo sitanuna. Ila kabla hujajaza fomu, kuna kazi moja. Mama anafikisha 60 mwakani, na tangu aajiriwe ualimu alikuwa PSPF. Muombe barua ya ajira na hati za mishahara, upige hesabu yake kwa asilimia 40, kisha unitumie karatasi yote, siyo jibu tu.

Kaka yako