Barua kwa mwanangu: Jumatatu usinipigie

Mwanangu,

Mama yako kanisomea ujumbe wako mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini. Kwamba unaanza Jumatatu tiba ya huu ugonjwa wako wa kukagua na kurudia kukagua, wanaouita OCD, vikao 16 vya dakika 90 kila kimoja, na kwamba kwenye yale maswali ya kupima ukali wake umepata alama 27 kati ya 40. Nimeuliza, nikaambiwa kuanzia 24 ni kali. Na mimi miaka yote nilikuwa nasema ni wasiwasi tu, utamtoka akikua.

Nina neno moja. Jumatatu usinipigie kuniuliza.

Utaratibu naujua, mtaalamu wako alitueleza kwa simu. Mmezipanga hofu kama ngazi, kila moja na namba yake kati ya 0 na 100. Kufunga mlango na kuondoka bila kutikisa kitasa umeipa 40. Kupiga pasi, kuichomoa na kutoka bila kugeuka, 75. Utaanza na hiyo ya 40. Hutarudi, hutapiga picha, hutamwuliza mtu. Moyo utadunda, nawe utakaa nao hivyo hivyo mpaka utulie wenyewe, na usipotulia pia utakaa. Hapo ndipo ninapokuhofia. Hofu ikipanda kabisa utakumbuka kuna namba moja ambayo ukiipiga unajibiwa, na namba hiyo ni yangu.

Usiipige.

Mtaalamu alisema jambo likanikaa vibaya. Eti lile swali lako la "una uhakika, baba?" ni kurudi mlangoni kule kule, ila unatumia miguu yangu. Akauliza huwa tunakujibu mara ngapi kwa siku. Mama yako akasema mara mbili tatu. Mama yako ana huruma, hesabu hajui.

Habari ya wewe kutembea na pasi kwenye begi siirudii. Ila ule mtihani uliokosa tulidhani ni uvivu, nawe ukaacha tudhani. Hilo bado linaniuma. Na kwamba umeitafuta tiba mwenyewe bila kusukumwa, nimemwambia kila mtu kazini, ila sijasema ni tiba ya nini.

Nimesoma kidogo. Zamani madaktari wengi waliogopa kwamba ukimzuia mtu wa namna hii asirudierudie mambo yake, akili itamharibikia kabisa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa London, Victor Meyer, akaandika habari za wagonjwa wawili aliowazuia hospitalini, wauguzi wakiwasimamia. Yule aliyekuwa akinawa bila kukoma alifungiwa hata maji ya chumbani. Akili haikuwaharibikia, na walipata nafuu kubwa. Nilifurahi, kisha nikawafikiria wale wauguzi. Si kazi ngumu kumnyima mtu ambaye hukumlea wewe.

Kwa hiyo ukipiga, nitasema nilivyofundishwa: "Naona hofu imekushika, na naamini utaiweza." Basi. Nimelifanyia mazoezi mbele ya mama yako, akasema nasikika kama mashine. Sitasema pasi imechomolewa wala haijachomolewa. Hata ukilia. Nakuomba usilie.

Wala usizunguke kwa mlango wa nyuma. Kukaa ukirudia kichwani ile picha ya mkono wako ukichomoa waya, nako ni kukagua. Mdogo wako pia usimpigie. Nimemwonya, ila yule hununulika.

Kuna jingine. Usiku ule wa mwisho kabla hujaondoka, uliponigongea saa nane mara ya nne, nilikwambia nimekwenda kuangalia pasi. Sikwenda. Ile ya tatu pia sikwenda. Nilikaa ukingoni mwa kitanda muda wa mtu kufika ukumbini na kurudi, nikafungua mlango, nikasema haipo kwenye umeme. Ukalala. Nyumba haikuungua, lakini sikuwa najua hivyo nilipokuwa nasema. Sasa nimeshaandika naona bora ningenyamaza, maana utaanza kujiuliza habari za siku nyingine. Zipo. Mwambie mtaalamu wako aiongeze kwenye ngazi, namba utaipa mwenyewe.

Kwa huku, bomba la jikoni limeacha kudondosha, nimelitengeneza mwenyewe ingawa mama yako anamsifu fundi aliyekuja kuangalia tu. Mdogo wako amehamia chumbani kwako bila ruhusa na amegeuza kitanda. Kitasa cha mlango wa mbele nimebadilisha, kile cha zamani kilikuwa kimelegea, na sababu unaijua. Ufunguo ulio nao haufungui tena. Nitakupa mpya ukija.

Jumatatu saa za kikao simu nitaiacha kabatini. Nimeandika hivi ili unishike kwa maneno yangu, maana najijua. Ikiita mara ya tatu nitaikimbilia, na nikishaikimbilia nitakujibu.

Jumapili piga muda wowote, tutaongea mengine. Mama yako anakumbusha zile shuka zake mbili za bluu ulizoondoka nazo, anazitaka zikiwa zimekunjwa tu, si lazima zipigwe pasi.

Baba yako