Sumaku uliyoivunja: barua kwa mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Huku hatujambo. Bibi yako mguu umepata nafuu, anauliza mnafunga shule lini.

Swali lako nimelipata. Umeivunja sumaku ya spika ukitegemea kipande kimoja kibaki na kaskazini na kingine kusini, na kila kimoja kimejitokeza na ncha zote mbili. Hata ungeitwanga ikawa unga, kila chembe ingekuwa na ncha mbili. Usumaku haukai nchani, mwanangu. Kila elektroni ni sumaku tangu asili, kama ilivyo na chaji. Tabia hiyo inaitwa spini, na wanafizikia Uhlenbeck na Goudsmit ndio walioipendekeza mwaka 1925. Usidhani elektroni ni kijimpira kinachojizungusha, hesabu zinakataa.

Sasa mbona mwiko, sufuria na wewe mwenyewe hamnaswi? Kwa sababu elektroni nyingi hukaa jozi, moja ikielekea huku na mwenzake kule, zikafutana. Atomu ya chuma ikiwa peke yake hubakiwa na elektroni nne zisizo na jozi.

Vitabu vingi vya shule husema hapo kwamba atomu “hujipanga”, kisha vinapita. Zinajipanga kwa nini? Si kwa kuvutana kisumaku: mvuto huo kati ya atomu jirani ni dhaifu mno, joto la chumbani tu lingeuvuruga. Mwaka 1928 Werner Heisenberg alionyesha kwamba chanzo ni umeme. Elektroni hufukuzana, na kanuni ya Pauli inazikataza mbili zenye spini ya upande mmoja kukaa mahali pamoja. Zikielekea upande mmoja basi, hulazimika kupishana mbali, na kule kufukuzana hupungua. Kwenye chuma, mpango huo ndio wenye nafuu. Mimi jambo hili hunishangaza kuliko sumaku yenyewe. (Sumaku yako nyeusi ya feraiti, yaani kauri yenye oksidi ya chuma, ina vituko vyake: baadhi ya atomu zake hupingana, ila hazilingani nguvu, na ile ziada ndiyo inayonasa pini.)

Msumari wa dukani haunasi pini kwa kuwa umegawanyika maeneo madogo madogo, kila moja na mwelekeo wake, yakafutana. Pierre Weiss aliliwaza hilo mwaka 1907. Ukiusogezea sumaku, maeneo yaliyoielekea hupanuka na kumeza mengine.

Joto huvuruga yote. Ukiushika msumari kwa koleo juu ya jiko la mkaa, ukapepea hadi uive mwekundu kabisa, sumaku haiuoni tena. Mpaka wa chuma ni nyuzi 770 za Selsiasi. Ukipoa, unanaswa upya. Jaribu mwalimu akiwepo, na sumaku yenyewe isikae motoni, itapoteza nguvu.

Maeneo hayo yanasikika pia, kama alivyogundua Heinrich Barkhausen mwaka 1919. Nimekufungia koili ya waya mwembamba, yenye mizunguko mingi. Tia msumari katikati, unganisha koili na amplifaya ya shule, fungua sauti, kisha sogeza sumaku polepole sana. Spika itachakarisha kama redio iliyokosa stesheni: ni maeneo yanageuka kwa mishtuko. Waya usiuvute, ni rahisi kukatika, na amplifaya muombeni mwalimu kwa adabu.

Baba yako