Huyo si nguchiro

Mhariri,

Jumapili gazeti lenu lilimwita mnyama aitwaye Enhydrictis "nguchiro wa kale". Jamani! Nimefundisha baiolojia miaka 31, na mwezi uliopita nguchiro amenimalizia vifaranga sita mchana kweupe, kwa hiyo namjua vizuri. Enhydrictis, aliyekwisha kutoweka, aliishi Sardinia na Corsica, visiwa vya Bahari ya Mediterania vilivyoungana maji ya bahari yaliposhuka enzi za barafu. Ukoo wake ni wa kicheche, nyegere na fisi maji. Nguchiro ana udugu zaidi na fisi, msishangae. Hata jina lake la pili la kisayansi, galictoides, alilopewa na mwanasayansi Forsyth Major, linamfananisha na mnyama Galictis wa Amerika Kusini, naye ni wa ukoo wa kicheche. Na ile picha mliyoweka ni ya paka.

Mwalimu mstaafu,
Tanga