Hoho ina njano? Kwanza tazama ni jani lipi

Haipiti wiki bila mteja kuingia kitaluni kwetu hapa Uyole, Mbeya, na jani moja la hoho mfukoni. Analiweka mezani likiwa limeshasinyaa: "Limekuwa njano hili, nipeni busta," yaani mbolea ya kunyunyizia majani. Nasi tunauliza, umelichuma chini ya mche au juu? Wengi hawakumbuki. Basi anarudi shambani kuangalia, na sisi hatujauza kitu.

Si ukaidi. Mche ukipungukiwa naitrojeni, potasiamu au magnesiamu, huyanyonya majani yake ya zamani ili kulisha machanga, kwa hiyo dalili huanzia chini. Chuma na kalsiamu zikishakaa kwenye jani hazihami, kwa hiyo kinachoumia ni kichwa cha mche na matunda. Ukilijua hilo tu, nusu ya vilivyopangwa rafuni umeshaachana navyo.

Kwa majani ya chini, tazama njano imekaaje. Jani zima likipauka pamoja na mishipa yake, fikiria naitrojeni. Mishipa ikibaki kijani na katikati yake pakawa njano, ni magnesiamu. Kingo zikiungua kama zilizopitiwa na moto, ni potasiamu.

Kwa wanaolima bila mbolea za viwandani, naitrojeni ndiyo inayowasumbua zaidi, hata walioweka samadi ya kutosha. Mteja mmoja wa upande wa Mafinga alikuwa ameapa kwamba samadi ameimwaga debe kwa debe. Tulipochimbua tuta, kiganja kimoja tu kwenda chini, tukakuta maranda ya paini yamechanganywa na udongo, bado yana rangi ya mbao na yananukia kama karakana ya fundi. Vijidudu vinavyoyaozesha maranda vinahitaji naitrojeni, na vinaichukua humo humo kwenye udongo kabla mizizi haijaipata. Maranda yakitandazwa juu hayana shida kubwa. Yakifukiwa mabichi ndipo yanaposhindisha mche njaa. Pumba za mpunga nazo ni hivyo hivyo.

Tulimwambia ayachokoe yanayochokoleka, kisha amwagilie maji ya samadi yaliyozimuliwa mpaka yafanane na chai nyepesi, ayamimine kwenye udongo na siyo juu ya matunda. Pia akate majani ya alizeti pori, yale yaliyojaa kandokando ya barabara, ayafukie pembeni ya mistari, yanaoza upesi. Usisubiri jani lililokwisha kuwa njano lirudie kijani. Angalia yanayochipua.

Mwezi wa Juni na Julai maswali hugeuka. Majani yanakuwa na uzambarau, hasa upande wa chini, na mche umedumaa. Ni fosforasi, ila mara nyingi imo udongoni: ardhi ya baridi huifanya mizizi ishindwe kuichukua, na udongo wetu wenye asili ya volkano na tindikali nao huing'ang'ania. Baridi ikipungua, miche mingi hujirekebisha yenyewe. Kwa msimu ujao unaweza kutumia unga wa fosfeti ya Minjingu, ambao hufanya kazi vizuri kwenye udongo wa tindikali, lakini soma mfuko, maana kuna aina zilizoongezwa naitrojeni ya kiwandani. Na zambarau kwenye vifundo vya shina peke yake isikutie wasiwasi. Hoho nyingi huzaliwa nayo.

Majani machanga yakiwa njano na mishipa yake kijani, tunauliza habari za majivu ya jikoni. Kuna watu huyamwaga sehemu moja kila siku, tindikali inapungua kupita kiasi, na chuma kinakuwepo lakini hakinyonyeki. Acha majivu, ongeza mboji, na hakikisha maji hayatuami.

Kitako cha tunda kuwa cheusi na kubonyea tulikikosea wenyewe. Zamani tulikuwa tunawauzia watu chokaa na kuwashauri wasage maganda ya mayai. Kalsiamu husafiri na maji. Ukimwagilia leo, ukaja tena baada ya siku tano za upepo wa Septemba, tunda linakosa hata kama udongo umejaa kalsiamu. Maganda ya mayai yanachukua muda mrefu mno kuyeyuka. Mwagilia kidogo kidogo bila kuruka siku, weka matandazo, na yaliyooza kitako yatoe. Chokaa tunaiuza bado, ila kwa mwenye kipimo cha udongo mkononi. Maabara ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, iko hapa hapa Uyole.

Kabla ya yote hayo, geuza jani. Majani ya juu yaliyojikunja na kukakamaa huenda yana utitiri, na huo hauonekani kwa macho matupu. Ng'oa na mche mmoja: mizizi ikiwa na vinundu ni minyoo fundo, na hakuna samadi itakayoitibu.

Kuangalia mche hatulipishi. Uje mzima, na mizizi yake, ndani ya mfuko wenye udongo wa pale pale. Ukiwa mbali, Tukuyu au Ilula, tuma picha tatu: jani la chini, jani la juu, na mche wote. Piga kivulini tafadhali. Jua la saa sita hufanya kila hoho ionekane ina njano.