Mwanangu, usiuchukue mstari ukaiacha sura

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Mkesha wa mwaka mpya ukiisha, wengi hutoka kanisani na Yeremia 29:11, lile neno la Mungu kutuwazia "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Neno ni la kweli kabisa. Lakini tangulia kusoma mstari wa 10: miaka 70 Babeli. Maneno yale yamo katika barua waliyoandikiwa Wayahudi waliochukuliwa mateka huko, na mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani. Aliyeunyofoa mstari wa 11 peke yake, mambo yasipokaa sawa kufikia Machi, huona ameachwa. Aliyesoma sura nzima anajua kuwa tumaini lile walipewa watu wa kungoja muda mrefu, huku mikono yao ikifanya kazi.

Basi soma sura, na uchukue kipimo unachokiweza. Biblia yetu ina sura 1,189. Ukianzia Mwanzo kwa sura tatu kila siku, Mwanzo na Kutoka vinaisha tarehe 30 Januari, na kesho yake uko Walawi, kwenye sadaka za kuteketezwa. Hapo ndipo wengi hukwama, si kwa kukosa imani, bali kwa sababu sura zile zinahitaji mwalimu. Mwaka wa kwanza shika Agano Jipya: sura 260, moja kwa siku, siku tano kwa wiki, na wiki 52 zinalimaliza. Jumamosi na Jumapili ni za kufidia ulizokosa. Zikizidi hapo, ziache, usome ya leo. Deni la sura tisa kwa usiku mmoja hulipitisha jicho tu, na moyo haupati kitu.

Soma asubuhi, kabla hujawasha data. Dakika 15 zinatosha. Omba kwa ufupi, soma sura kwa sauti, polepole, kisha urudie pale palipokugusa au palipokukera. Kwenye daftari andika tarehe, nakili mstari mmoja kwa mkono, na chini yake ujibu kwa sentensi moja: hapa Mungu anafanya nini? Swali la "mimi napata nini" lije baadaye. Likitangulia, utajiona wewe tu kila ukurasa. Malizia kwa kuuomba mstari uleule.

Zitakuja asubuhi kavu. Siku hizo fungua Zaburi 88, inayoishia gizani, ujue kwamba hata kilio kisicho na jibu kimo katika Maandiko. Kisha Maombolezo, sura tano za kuulilia Yerusalemu uliobomolewa. Katikati kabisa, sura ya 3, ndipo penye rehema ambazo "ni mpya kila siku asubuhi". Baada ya hapo kilio kinarudi, na kitabu kinafungwa kingali kinalia. Mwanangu, tumaini lile lilisemwa mji ukiwa bado magofu. Nalo ni la kila asubuhi, kama mana ya Kutoka 16, chakula cha Waisraeli jangwani, iliyoota mabuu walipoilaza. Kwa hiyo usisome sura kumi Jumapili ukitegemea zikulishe hadi Ijumaa.

Tarehe 1 anza na Marko 1. Ina mistari 45, na kwa sauti haizidi dakika kumi. Daftari liweke juu ya Biblia tangu usiku.

Mama yako