Barua kwa Salehe kuhusu paa la Farge

Mpendwa ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifika, pamoja na swali lako: je, paa la kiwanda cha Farge, Ujerumani, la zege la nondo lenye unene wa mita 4.5, linawezaje kutobolewa na kitu kilichodondoshwa tu kutoka angani? Wewe uliyemwaga zege miaka yote hiyo una haki ya kushangaa.

Mhandisi Mwingereza Barnes Wallis alipendekeza bomu la tani 10 mapema katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini wakubwa walimkatalia kwa kuwa hapakuwa na ndege ya kulibeba. Yeye hakulenga paa hasa. Alitaka bomu lizame ardhini kando ya jengo, lilipukie chini, ili udongo utikisike kama tetemeko na msingi udidimie katika shimo litakaloachwa. Kwa hiyo ganda lilifanywa la chuma kigumu, pua ikawa nene na iliyochongoka, mapezi ya mkia yakapindwa kidogo ili bomu lizunguke bila kuyumba, na kiwashio kikacheleweshwa. Bomu lake la namna hiyo lililoitwa Tallboy, la tani 5.4 hivi, lilianza kutumika Juni 1944, na mojawapo lilipenya kilima cha Saumur, Ufaransa, likaziba njia ya reli iliyopita chini yake. Grand Slam, lile la tani 10, lilidondoshwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 1945 kwenye daraja la reli la Bielefeld, Ujerumani, na ndege Lancaster iliyolibeba ilikuwa imeondolewa hata milango ya tumbo lake.

Siku 13 baadaye mawili ya namna hiyo yalipiga paa la Valentin, kiwanda cha nyambizi kilichokuwa kikijengwa Farge, karibu na Bremen. Yalijichimbia ndani ya zege kwanza, kisha mlipuko ukamalizia unene uliobaki.

Lakini ndugu yangu, mimi siwezi kuusifu ufundi huo bila kuwakumbuka waliolimwaga zege lenyewe: wafungwa wa kambi, mateka wa vita na watu waliolazimishwa kazi, ambao zaidi ya 1,100 kati yao walikufa pale. Hakuna hata nyambizi moja iliyokamilishwa humo. Jengo lingali limesimama, na tundu za paa bado zinaonekana. Nilitamani tungezitazama pamoja, unionyeshe nondo zilivyopangwa.

Wako akupendaye,
Hamisi