Simu za ofisi kusikika upande mmoja si ugonjwa wa kasi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu tatizo linalosumbua ofisi zenye matawi: simu ya intaneti inaita, inapokewa, mmoja anasikia vizuri lakini mwenzake anabaki akisema "haloo, haloo". Uamuzi unaofuata huwa ni kuongeza kasi ya laini au kubadilisha simu zote. Ni kutupa fedha. Simu moja ya kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 kwa kawaida hutuma pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, 50 kwa sekunde, takriban kilobiti 90 kila upande. Laini ikielemewa sauti hukatikakatika. Haipotei yote, upande mmoja tu, tangu neno la kwanza.

Kuna safari mbili hapa. SIP, lugha ya kuanzisha na kumaliza simu, kwa kawaida hupita poti (mlango wa mtandao wenye namba) 5060, na ndiyo inayofanya simu ilie. Sauti yenyewe husafiri kwa RTP, itifaki ya kubeba sauti, kupitia poti nyingine kabisa za UDP (utumaji usiosubiri uthibitisho), na kila upande una mkondo wake. Kwa hiyo simu kuita si ushahidi kwamba sauti ina njia. Na asiyesikia ndiye anayetuonyesha pa kuanzia: mkondo uliopotea ni ule unaokwenda kwake.

Kabla ya kugusa ruta, hakikisheni mkono wa simu na kitufe cha kuzima maikrofoni viko sawa, kisha pigeni kutoka kila tawi namba ya mwangwi, inayokurudishia sauti yako, kwenye seva (Asterisk, programu ya seva ya simu, inayo Echo ya kazi hiyo). Ukijisikia mwenyewe, njia yako ya kwenda na kurudi kwa seva ni nzima, tatizo liko mbele zaidi. Usipojisikia, kamateni pakiti kwenye seva na kwenye ruta ya tawi kwa wakati mmoja, kwa programu kama tcpdump au Wireshark, mwone zinaishia wapi.

Humo ndani someni mstari unaoanza na "c=" katika ujumbe wa SIP. Ndipo kila upande unapomwambia mwenzake sauti itumwe anwani gani. Ukikuta anwani inayoanza na 192.168 au 10, ambazo ni za mitandao ya ndani tu, na aliyeandikiwa yuko nje kwenye intaneti, kwa kawaida sauti yake haitafika. Seva ielezwe anwani yake ya nje na mitandao yote ya ndani. Kwenye PJSIP, sehemu ya Asterisk inayoshughulikia SIP, ni external_media_address na local_net. Hapo kuna mtego ninaouona mara nyingi kupita yote: tawi jipya linafunguliwa, VPN (njia ya faragha ya kuunganisha ofisi kupitia intaneti) inaunganishwa, lakini mtandao wake hauongezwi kwenye local_net. Seva inalichukulia kama mgeni wa nje na kulipatia anwani ya nje badala ya ile ya VPN.

SIP ALG kwenye ruta izimwe, kisha simu ziwashwe upya. Ilikusudiwa kusaidia kwa kurekebisha anwani hizo njiani, ila mara nyingi huziharibu.

Dalili nyingine: kila tawi linaongea vizuri na makao makuu, lakini tawi kwa tawi kuna kimya, cha upande mmoja au pande zote. Hapo seva imeziachia simu zitumiane sauti moja kwa moja, ilhali VPN inaunganisha kila tawi na makao makuu peke yake, au fayawoli (kichujio cha mawasiliano ya mtandao) inaruhusu upande mmoja tu. Wekeni direct_media=no ili sauti ipite kwenye seva, au tengenezeni njia kati ya matawi. Mkichagua ya kwanza, kumbukeni sauti yote sasa itaingia na kutoka makao makuu, na laini ya hapo ndiyo itakayobeba mzigo. Matawi mawili yakitumia kundi lile lile la anwani za ndani, mfano 192.168.1.0/24, hakuna mpangilio wa seva utakaowasaidia. Pakiti haitoki hata nje ya jengo. Tawi moja libadilishiwe anwani.

Tatizo likija na kuondoka, linganisheni poti za RTP. Fayawoli iliyofunguliwa 10000 hadi 10100 na seva inayotumia 10000 hadi 20000 hazipatani: simu chache zitapona kwa bahati, nyingine zitakuwa bubu. (Simu inayokatika kabisa baada ya sekunde 32 hivi ni kisa kingine, huko tafuteni ACK, ujumbe wa SIP wa kuthibitisha kwamba simu imepokewa, isiyofika.)

Jambo moja nawasihi mafundi wenzangu: msifungue poti zote kwa dunia nzima ili muone kama itapona. Poti 5060 iliyo wazi hutafutwa na wezi wa simu mchana na usiku, na bili huja kwa mwenye seva.

Mkishamaliza, jaribuni kila jozi pande zote mbili. Vituo vinne vina jozi 6, yaani simu 12, mbali na zile za kwenda nje.

Fundi wa mitandao ya simu